Maji ya Ijumaa

Sur, 2 Mei 1986

Kwa mdogo wangu Nimr,

Pokea salamu za dada yako Wadad, za baba, na za nyumba nzima, yaani sisi wawili na paka. Tu wazima. Ukisikia redioni kwamba Sur inawaka usiamini nusu yake, na ile nusu nyingine iamini ila usimwambie mtu. Michungwa imezaa mpaka machungwa yanaoza, maana barabara ya Saida leo inafungwa kesho inafunguliwa. Jirani yetu Mitri amepata kazi kwenye meli ya kwenda Larnaka na barua hii ameificha ndani ya soksi, kwa hiyo ukisikia harufu ujue si yangu.

Baba macho yamekwisha. Jicho la kulia nalo lilizima mwezi wa pili. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Wadad, umezima taa?" Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa uani. Nikamwambia, "Umeme umekatika, baba." Akasema haya, akaendelea kunywa kahawa yake. Usiniulize kwa nini nilisema hivyo, lilinitoka tu.

Kazini bado anakwenda. Hakuna aliyemwambia aache, na wale wa ofisini Beirut sidhani kama wanakumbuka kwamba Sur ina magofu, sembuse mlinzi wa magofu. Anashika bega langu tunapita kati ya nguzo mpaka kwenye kibanda chake, na anajua kila jiwe kwa unyayo. Kamba yake ya mafundo, ile ya kupimia tangu siku za uchimbaji, hajaiacha. Juzi nilimuuliza kipimo cha mguu ili nimtafutie viatu, akanipa uzi wenye mafundo matatu. Nikamwambia baba, muuza viatu hakuchimba makaburi pamoja nawe, sema namba. Akacheka mpaka akakohoa.

Kila Ijumaa baada ya sala lazima nimpeleke kwa Bibi wa Samaki, picha yake ya vijiwe pale sakafuni. Unakumbuka alivyokuwa akimwaga ndoo ya maji juu ya sakafu, wageni wakaona vijiwe vikiamka na rangi zake, yule mwanamke na nywele zake za kijani na samaki wakimzunguka. Wageni hakuna siku hizi, ila maji lazima yamwagwe. Namwaga mimi, naye anapiga magoti, anapitisha vidole kidevuni, shavuni, machoni, kisha anabusu vidole vyake. Mimi namsimulia: leo shavu limeiva, leo jicho la kushoto linakutazama wewe. Halafu ananisimulia yale yale. Kwamba aliufukua uso huu kwa brashi akiwa na miaka ishirini, na mwaka uliofuata alipomwona mama kisimani alimwambia, "Wewe nilishakuona chini ya mchanga," na mama akamtupia kata ya maji. Hadithi hii nimeisikia mara elfu, lakini bado napenda pale pa kata.

Sasa nina swali, wewe ndiye mtaalamu. Tangu mwezi wa tatu pampu ya mtaa haina dizeli, na maji ya birika la uani ni ya kunywa tu. Kwa hiyo maji ya Ijumaa nateka baharini, hatua thelathini kutoka pale, madebe mawili ya mafuta ya zeituni, moja kila mkono. Baba sijamwambia, asije akajiona mzigo. Najua utasema ni maji ya chumvi, lakini Bibi amelala jirani na bahari miaka elfu na mia tano, na mji huu kitu gani hatukukihifadhi kwa chumvi? Zeituni, jibini, samaki. Ila naona kitu cheupe kinatokea katikati ya vijiwe, laini kama unga. Ni nini hicho?

Na unakuja lini? Baba amewaambia watu wote msikitini kwamba mwanawe ni tabibu wa mawe huko Ufaransa, na kwamba ukija utatengeneza ile pembe iliyopasuka karibu na kizingiti.

Dada yako,
Wadad


Marsei, 30 Mei 1986

Dada Wadad,

Shikamoo, na umfikishie baba shikamoo yangu na umbusu mkono kwa niaba yangu. Barua yako imenifikia na harufu yake yote. Huku ni salama. Mvua imekoma, na mwenye nyumba amenipakia rangi dirisha baada ya miaka miwili ya ahadi. Mfungo huu natafuta jirani wa kufuturu naye sipati, nafuturu na redio. Nimemtumia baba dawa ya kifua, vidonge vyeupe asubuhi, vya njano jioni.

Habari ya macho yake imeniliza. Barua hii nimeianza mara tatu.

Hicho kitu cheupe ni vumbi tu, dada, usihangaike nacho. Ila ingekuwa vizuri mkamfunika Bibi kwa mchanga safi mpaka nitakapokuja. Akipumzika kidogo si vibaya. Hata ndoo zenyewe unabeba za nini kwenye hali hiyo, mtu asije akakuona huko ufukweni akafyatua risasi.

Kazi hapa karakana ni nyingi. Nitakuja, nipe muda.

Nimr


Sur, 11 Julai 1986

Mdogo wangu Nimr,

Ramadhani tumeimaliza, Idi tumeisali, na nyama ya Idi ilikuwa kuku mmoja aliyekufa kabla hatujamchinja, ila tulimchinja hivyo hivyo na usimwambie baba. Dawa imefika. Ya njano inamfaa, nyeupe anaitema kwenye chungu cha mrihani akidhani simwoni. Mrihani umestawi.

Eti nimfunike Bibi kwa mchanga. Wewe huko umekuwa mgeni kabisa. Nikimfunika, baba atashika nini siku ya Ijumaa? Wavuvi wote wananiona na madebe yangu, wananiita Hajati wa Zamzam, na wala risasi haijanipata, nimezoea kukimbia na madebe bila kumwaga.

Wiki mbili zilizopita baba aliniambia, "Leo usimwage, mwanangu. Mimi vidole vyangu havihitaji maji." Nikamuuliza kwa nini. Akasema amechoka, jua kali, turudi nyumbani. Nilijua ananionea huruma kwa sababu ya kubeba. Nikamkemea, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Baba, mimi sijazeeka. Umenimwagia wewe miaka yote hiyo nikiwa mdogo, sasa zamu yangu, usininyime." Kisha akasema, "Basi mwaga." Nikamwaga debe zima, na nikaongeza la pili ili ajue nina nguvu.

Lile vumbi lako linazidi. Nalifagia kwa brashi lakini jioni limerudi, na upande wa nywele vijiwe vimeanza kucheza. Nimr, nakuuliza mara ya pili, na nakuuliza kama dada yako mkubwa aliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Ni nini? Nijibu upesi.

Wadad


Marsei, 3 Agosti 1986

Dada Wadad,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima.

Usimwage maji tena juu ya Bibi. Hata tone. Ni mambo ya kitaalamu na maelezo yake marefu, nitakueleza uso kwa uso. Mwambie baba kwamba mimi nimesema, na nadhani hatabisha.

Nakuomba sana, dada.

Nimr


Sur, 19 Septemba 1986

Nimr,

Salamu. Barua yako sijaipata. Mitri naye hajarudi tangu mwezi wa nane, wanasema meli imeharibika Larnaka, na mkewe amechakaa kwa wasiwasi. Barua hii nampa mtu wa Msalaba Mwekundu, sijui kama atafika hata Beirut. Upande wa kambi ya wakimbizi mizinga inalia siku tatu sasa. Watu waliokimbia wamelala kwenye uwanja ule wa mbio za farasi, na katikati ya yale majeneza ya mawe ya kule makaburini wametundika nguo za watoto. Baba nilipomwambia alisema waache, mawe yale yamezoea watu.

Shavu limekwenda. Sitaki kukuficha. Shavu la kulia lote, na nusu ya mdomo, na wiki hii jicho. Palipokuwa uso pana chokaa tupu, inapukutika ukiigusa. Nimelia mpaka nimeona aibu mbele ya wale wakimbizi. Sijui nimekosa nini. Kila Ijumaa namwosha, namfagia, na kila Ijumaa anapungua.

Na vijiwe vyenyewe sivioni. Vikibanduka vinatoweka. Nilimshuku mama mmoja wa kambini, Umm Adla, nikamwambia mbele za watu kwamba wanawe wanachezea vijiwe vya baba yangu. Akaapa kwa Mungu. Nikamwambia wezi wote huapa.

Baba sijamwambia. Ningemwambia nini? Anapopiga magoti naushika mkono wake naupeleka kwa samaki, upande wa chini ambako bado ni wazima, nasema, "Huyu hapa, baba, shavu lake." Samaki wana migongo yenye mviringo, unaweza kudhani ni shavu. Anagusa, anabusu vidole. Ananiuliza, "Bado anacheka?" Nasema anacheka. Anasema, "Basi vizuri." Kisha ananiambia niende nikamletee koti lake kibandani, kila Ijumaa analisahau siku hizi, na nikirudi namkuta bado amepiga magoti.

Njoo, Nimr. Siombi tena kwa mzaha. Yeye anakusubiri wewe uje umtengeneze, na mimi nakusubiri kwa sababu hiyo hiyo.

Wadad


Sur, 5 Desemba 1986

Nimr,

Nilimwomba Mitri akupigie simu akirudi Larnaka, sijui kama aliweza. Kama hakuweza, kaa kitako kwanza.

Baba amefariki Ijumaa, tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, baada ya sala ya adhuhuri. Kifua. Alikataa daktari, alitaka kwenda kwa Bibi, nikamwambia kuna mvua na baridi, twende Ijumaa ijayo. Akakubali. Akauliza swali lake, na nikamjibu jibu langu. Hakusema tena neno. Tumemzika kando ya mama. Walikuja watu wengi, hata Umm Adla na wanawe walikuja, walibeba mchanga kwa mikono.

Siku ya tano baada ya maziko Mitri akabisha hodi, amekonda, na mkononi ana barua yako ya Agosti. "Usimwage maji tena. Hata tone." Nimeisoma nimesimama mlangoni. Miezi minne ilikuwa kwenye meli mbovu, hilo si kosa lako. Lakini ile ya mwezi wa tano ilinifikia mkononi, na mle uliniambia ni vumbi.

Ulijua tangu lini? Mambo ya kitaalamu gani hayo ambayo dada yako hawezi kuyaelewa? Mimi nilisomea zeituni na kufua, sawa, lakini neno moja la Kiarabu ningelielewa.

Sina salamu za kukupa leo.

Wadad


Marsei, 28 Desemba 1986

Dada yangu Wadad,

Mitri alipiga. Nilikuwa juu ya ngazi kazini, nikashuka kupokea simu, na baada ya hapo sikupanda tena ngazi hiyo wiki nzima. Mungu amrehemu baba. Sikumzika.

Umeniuliza nilijua tangu lini. Nilijua nilipofika kwenye neno "madebe", barua ya kwanza. Ni chumvi, dada. Maji ya bahari yanaingia chini ya vijiwe, jua linayakausha, chumvi inabaki inakuwa ngumu, inavimba, inasukuma. Kila Ijumaa inasukuma tena. Sikusema kwa sababu nilikuona na hayo madebe, moja kila mkono, unakimbia nayo. Nikasema nikikwambia, utajua ni wewe. Nikajidanganya kwamba utamfunika kwa mchanga na mambo yataishia hapo.

Jingine ni hili, na nimelificha miaka saba. Mimi si tabibu wa mawe. Chuo niliacha mwaka wa kwanza, kabla hata hawajatufundisha kushika kijiwe. Natandika vigae vya bafu. Habari ya chumvi sikuijua chuoni, niliijua kwenye mabafu, hata kibarua wa siku moja anaijua. Kila mlipoandika "baba anawaambia watu" nilizidi kuona siwezi kuja. Ningekuja na nini? Angenipeleka pale kwenye pembe iliyopasuka, angesimama pembeni na furaha yake, na mimi ningepiga magoti nisijue pa kuanzia.

Usinisamehe kama huwezi. Niandikie tu nijue u mzima.

Nimr


Sur, 6 Februari 1987

Mdogo wangu Nimr,

Salamu baada ya kukasirika. Mimi mzima. Paka amezaa, watatu, wa nne alikufa. Pampu imepata dizeli siku ya Mwaka Mpya, wiki sita baada ya kufa mtu niliyetaka ayapate maji.

Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Nilikuchukia siku kama ishirini. Kisha, arubaini ikiwa imeshapita, nikasema nikagawe nguo za baba kwa wale watu wa uwanjani, nikaenda kibandani kuchukua koti. Lilikuwa zito. Nikatia mkono mfukoni nikatoa furushi dogo la kitambaa, limefungwa kwa uzi wenye mafundo. Ndani mna kijiwe cha jicho, kile cheusi. Chini ya kitanda chake cha kamba kulikuwa na debe la halua, limejaa mafurushi kama hayo, kijiwe kimoja kimoja, viwili viwili, kila kimoja na uzi wake. Nimehesabu mia nne na kumi na tatu, na sikuyafungua yote.

Kwa hiyo ndivyo vijiwe vilivyokuwa vikitoweka. Mimi nakwenda kuchukua koti, yeye anatambaa kutoka kwa samaki mpaka kwenye uso, anatafuta kwa vidole kilichobanduka, anapima shubiri kutoka kizingitini na kutoka ukutani, anafunga mafundo ya kipimo. Na mimi nilimwita Umm Adla mwizi. Nimekwenda kumwomba radhi, nikamkuta anafua, akaniambia kaa unywe chai kwanza, utalia ukishakunywa.

Chini kabisa ya debe kulikuwa na furushi la kwanza. Nalijua ni la kwanza kwa sababu kitambaa chake ni cha shati lile la buluu nililolichana kuwa matambara mwezi wa tatu. Halina kijiwe. Lina unga mweupe, kama ncha ya kijiko. Nikauonja.

Nimr, alikuwa anabusu vidole. Kila Ijumaa, mbele yangu. Ijumaa ya kwanza kabisa nilipomwaga, alibusu vidole vyake akaonja bahari. Alijua kabla yako, kabla ya unga wenyewe kutoka. Alijaribu kunizuia mara moja tu, mwezi wa sita, na mimi nikamkemea nikamwaga hata debe la pili. Baada ya hapo akaacha Bibi yake aliwe, uso wa mama, mbele ya magoti yake, ili mimi nisijue. Nami namwambia anacheka, na yeye amemshika mfukoni.

Nilimwambia umeme umekatika. Naye pia alinyamaza. Wewe ukasema vumbi. Sisi watu watatu tulihurumiana mpaka hakuna kilichobaki.

Sasa sikiliza. Uzi huu siwezi kuusoma. Fundo nene ni nini, fundo jembamba ni nini, kwa nini mengine yamepindwa mara mbili, mimi hakunifundisha. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa jikoni. Alikufundisha wewe, ulipokuwa na miaka tisa, mmekaa pale kizingitini, nakumbuka nikiwaletea mkate na viungo vya zaatari mkaninyamazia kama wanazuoni. Yeye hakuwahi kujua kuandika. Barua zake ni hizi, na zote amemwandikia mtu mmoja. Sijazifungua zaidi, nimeogopa kuchanganya.

Sikuiti kwa ajili ya utabibu. Watu wa msikitini nitawaambia mimi mwenyewe, na atakayecheka nitamkumbusha ya kwake. Njoo na mikono yako ya vigae. Wewe utasoma mafundo, mimi nitakupa kijiwe. Na ukija, lolote utakaloliona baya, niambie siku hiyo hiyo, usinionee huruma tena. Sina nguvu ya kuhurumiwa mara nyingine.

Leo ni Ijumaa. Nilikwenda peke yangu, bila debe. Mvua za mwezi huu zimemwosha bure, maji ya mbinguni. Nilipiga magoti palipokuwa na uso, nikapitisha vidole kama alivyokuwa akipitisha, kidevuni, shavuni, machoni, kisha nikavibusu.

Bado pana chumvi.

Dada yako,
Wadad